Siku sitini

Tanga nilipopoteza kazi, mtaa mzima pale Ngamiani ulijua kabla sijafika nyumbani. Kampuni ilikuwa haijatulipa miezi mitatu, asubuhi hiyo tukakuta geti lina kufuli. Mangi wa dukani hakuniuliza nitalipa lini. Alifungua daftari, akaniandikia mchele kilo mbili na mafuta ya kupima. Usiku nililala fofofo.

Sasa niko Leicester, Uingereza, mwaka wa tatu, nahudumia wazee. Mshahara haujawahi kuchelewa hata siku moja, na usingizi sina.

Watu wa nyumbani wanadhani tunahofia njaa. Sisi tunahofia tarehe. Viza yangu imefungwa kwa mwajiri. Akiniachisha, au serikali ikimfutia leseni ya kudhamini wageni, inakuja barua ya uhamiaji, na kwa kawaida unapewa siku 60 upate sponsa mwingine au ufungashe virago. Tangu Julai 2025 Uingereza imesitisha kuleta wahudumu wapya kutoka nje. Tuliomo ndani bado tunaruhusiwa kuhama mwajiri, tena waajiri wa England wameagizwa watutafute sisi kwanza. Hayo ni ya kwenye makaratasi. Ukipiga simu unaambiwa "tutakupigia".

Mwezi uliopita ratiba ya zamu ilitoka kwenye simu: siku mbili badala ya tano. Asubuhi yake, bibi mmoja ninayemwogesha akanishika mkono uliokuwa na taulo, akauliza mbona leo siimbi. Hata sikuwa najua kwamba huwa naimba.

Wapo wanaosema basi rudini. Sikubaliani nao. Uungwana wa Mangi haukulipa ada ya mdogo wangu, na yule bosi wa Tanga hajatulipa mpaka leo. Nyumbani tunajua kufarijiana kwa sababu tumezoea kudhulumiwa. Huku haki yako unaipata, ila ukianguka unaanguka peke yako. Jirani tunayechangia ukuta simjui hata jina.

Lakini upweke mwingine tunajitengenezea wenyewe kwa kuficha. Wiki ile ile ya zamu mbili, grupu la familia lilikuwa linachangisha harusi, nami nikaahidi laki tatu. Mbeba boksi gani wa ughaibuni atakubali aonekane kachacha?

Jumapili nikachukua karatasi. Kodi ya chumba, chakula, ada ya dogo, ndege hadi Dar, basi hadi Tanga. Kumbe nilikuwa na miezi miwili na nusu ya kuvuta pumzi. Si haba. Hesabu ilikaa sawa, kifua bado kizito, ndipo nikampigia dada nikamwambia yote.

Alinyamaza. Nikasikia mwiko ukigonga sufuria.

"Kwani kabla hujaenda huko tulikuwa hatuli?"

Kisha akaniambia ile laki tatu niifute, niandike hamsini, na nisiwe nalipia sifa.