Pombe baada ya opereshini ya kupunguza uzito: ni mtu au ni mwili?

Mtu kafanyiwa opereshini ya kupunguza uzito, kilo zimeshuka, sukari imetulia, ndugu wanamsifia, alafu ukija mwaka wa pili pombe imemkamata. Utasikia watu wanasema huyo alikua mlevi wa chakula, kanyimwa sahani kahamia kwenye chupa. Mi hayo maelezo yananiuma kwasababu yanamtupia mgonjwa lawama yote.

Tuangalie namba za Marekani. Utafiti uliotoka 2012 ulifuatilia watu 1,945 kwenye hospitali 10. Mwaka mmoja kabla ya opereshini wenye tatizo la pombe walikua asilimia 7.6, mwaka wa kwanza baada yake 7.3, mwaka wa pili 9.6. Walivyoendelea kufuatiliwa hadi miaka 5, kati ya ambao mwanzoni hawakua na tatizo, waliofanyiwa baipasi (njia ya chakula inaelekezwa upya) karibu asilimia 21 walipata dalili za tatizo la pombe, wa bendi (mkanda wa kubana tumbo) kama 11. Sasa kama ni chakula tu kuhamia kwenye pombe, mbona bendi haifanyi hivo kwa kiwango kilekile, na wenyewe si wamebanwa tumbo pia?

Jibu kubwa liko kwenye mabomba. Bendi inakaza tumbo kwa juu bila kukata kitu, ila kwenye baipasi kinachomezwa kinaruka sehemu kubwa ya tumbo kinatua kwenye utumbo, pombe inapanda kwenye damu haraka na juu zaidi, wanawake waliopimwa baada ya baipasi vinywaji viwili viliwapandisha kama vinne. Na kuna panya wa maabara waliofanyiwa baipasi wakapewa pombe moja kwa moja kwenye mshipa, yani tumbo halikuhusika kabisa, bado waliitaka kuliko wenzao. Panya hana huzuni ya kukosa pilau jamani, kuna kitu kimebadilika kwenye ubongo.

Lakini upande wa pili nao una hoja, na sio ndogo. Watu wa bendi hupungua kilo chache, na hawakugawanywa kwa bahati nasibu nani apate opereshini gani, kwahiyo makundi hayafanani moja kwa moja. Alafu wengi wa baipasi hawapati shida yoyote. Wanaopata zaidi ni wanaume, vijana, wavuta sigara, waliokua wanakunywa mara kwa mara kabla, waliotumia madawa ya kulevya, na wale wanaohisi hawana watu wao wa karibu. Hilo la mwisho hakuna kisu kinacholigusa.

Kuna wanaosema basi wenye sifa hizi wanyimwe opereshini. Hapana, unene nao unaua, na waliofanyiwa Sweden walikufa wachache kuliko wenzao wanene wasiofanyiwa. Na kwenye ule utafiti wa Marekani zaidi ya nusu ya waliokua na tatizo baadae hawakua nalo mwaka wa kabla ya opereshini, kwahiyo ukichuja mlangoni tu utawakosa hao. Mi ningetaka kliniki impigie simu mgonjwa mwaka wa pili, wa tatu, wa tano, imuulize anakunywa kiasi gani siku hizi na anakunywa na nani, maana kipindi hicho ndo yeye kashapendeza na hakuna anaemuuliza kitu.