Pagoda ya Tomyoji na ukumbi ulioachwa nyuma

Wapo wanaoshikilia kwamba jengo la kale likishang'olewa mahali pake, kinachobaki ni mbao tu. Hoja hiyo naiheshimu, lakini nikiifikiria pagoda, yaani mnara wa hekalu la Kibudha, ya ghorofa 3 iliyo juu ya kilima katika bustani ya Sankeien, Yokohama, nchini Japani, inanishinda kuikubali.

Pagoda hiyo ilijengwa mwaka 1457 katika hekalu la Tomyoji, Kamo, mkoani Kyoto. Mwaka 1914 Hara Tomitaro, tajiri wa biashara ya hariri, aliihamishia kwenye bustani yake, ambayo alikwisha kuifungulia umma tangu 1906. Hapo ndipo lawama inapoanzia: mnara wa ibada umegeuzwa pambo la kutazamwa kutoka ng'ambo ya bwawa. Lawama hiyo ina uzito. Leo pagoda husifiwa kuwa ndiyo kongwe kuliko zote za mbao katika Kanto, eneo ilipo Yokohama, ilhali ilimaliza zaidi ya miaka 450 bila kufika huko. Kamo ilipoteza mnara wake, na hakuna bustani itakayolipa hilo.

Lakini nani angeutunza? Serikali ya Meiji, iliyotawala Japani wakati huo, ilipotenganisha Ushinto, dini ya jadi ya Wajapani, na Ubudha mwaka 1868, mahekalu mengi ya Kibudha yalipoteza ardhi na mapato.

Tazama yaliyoupata ukumbi mkuu wa Tomyoji hiyohiyo. Wenyewe haukuhamishwa. Ulibaki Kamo, kwenye udongo wake, kama wapinzani wanavyotaka. Mwaka 1947 tufani iliuharibu vibaya, ukafunguliwa, vipande vikawekwa akiba. Vikakaa. Ukumbi ulisimama tena mwaka 1987, miaka 40 mizima baadaye, nao ukasimama Sankeien, kwenye bustani ileile ya pagoda. Kati ya 1914 na 1947 ni miaka 33 tu. Kila nikipiga hesabu hiyo najiuliza kama tufani ingeikuta pagoda nayo bado iko Kamo.

Sisemi Yokohama ilikuwa salama. Tetemeko la 1923 liliuteketeza mji, na mabomu ya 1945 yaliyaumiza majengo ya Sankeien. Hekalu la Horyuji la Nara, kwa upande wake, ina majengo ya mbao ya zaidi ya miaka 1,300 ambayo hayakuhitaji kuhamishwa, kwa sababu hayakukosa watunzaji. Ingekuwa hivyo Kamo, ningekuwa upande wa wapinzani.

Halafu kuna useremala wenyewe. Ulimi wa boriti huingia kwenye tundu la nguzo, kabari ikakaza. Fundi akitaka kulifungua jengo huandika kwa wino kwenye kila kipande mahali kinapokaa, akang'oa kabari, akashusha boriti mojamoja, na ubao uliooza akaubadilisha. Majengo ya namna hiyo hufunguliwa na kuunganishwa upya hata yasipohama. Kwa hiyo anayesema pagoda ilikufa siku ilipofunguliwa analipimia jengo la mbao kwa kipimo cha jengo la mawe.

Wanachostahili watu wa Kamo ni kutajwa kwanza, kabla ya Hara na kabla ya Yokohama, kila pagoda hiyo inaposimuliwa.