Nyange na swali la upendo kama ushahidi wa imani

Kila nisikiapo Wakristo wakibishana kama upendo ni ushahidi wa imani ya kweli, mawazo yangu huenda Nyange, magharibi mwa Rwanda. Aprili 1994, Watutsi wapatao 1,500 walikuwa wamejificha katika kanisa la parokia hiyo, na tingatinga likaletwa kuliangusha juu yao. Padri wa parokia, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na mahakama ya rufaa ya Umoja wa Mataifa iliyoshughulikia mauaji ya kimbari ya Rwanda, kwa sehemu yake katika ubomoaji huo. Miaka mitatu ilikuwa haijatimia, usiku wa Machi 18, 1997, watu wenye silaha wakaingia katika shule ya sekondari ya hapo hapo Nyange, wakawakuta wanafunzi wakijisomea, wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi wakakataa, wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Sita kati yao waliuawa usiku huo.

Wapo wanaosema kwamba kuupima Ukristo wa mtu kwa upendo ni kurudisha kwa mlango wa nyuma mafundisho ya kuokolewa kwa matendo, na hoja yao si ya kubezwa. Waefeso 2 inasema wazi kwamba wokovu ni kwa neema, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Mnyang'anyi msalabani hakupata nafasi ya kumtendea jirani yake jambo lolote. Paulo mwenyewe, katika 1 Wakorintho 13, anakiri kwamba mtu anaweza kugawa mali zake zote na bado akawa hana upendo, kwa hiyo tendo tunaloliona kwa macho si dirisha safi la moyo. Tena wanafunzi wa Nyange walijibu kwa jina la taifa lao, wala hawakulitaja kanisa. Nani basi atakayethibitisha kwamba ujasiri wao ulitoka katika imani?

Hata hivyo, naona wanaoupima Ukristo kwa upendo, wakishika mafundisho ya Yohana, wanasingiziwa. Hawasemi kwamba upendo humnunulia mtu wokovu, bali kwamba imani iliyo hai haiwezi kukaa ndani ya mtu bila kuonekana, kama ujauzito usivyoweza kufichika miezi yote tisa. Waraka wa kwanza wa Yohana unamwita mwongo anayesema anampenda Mungu huku akimchukia ndugu yake, na neno hilo linawaelekea watu wa ndani ya kanisa, wale ambao tayari wamekiri imani. Kwamba asiye Mkristo naye hupenda, tena kwa kujitoa mhanga, haliwapunguzii waliobatizwa deni lao.

Tuitazame takwimu moja ambayo sijaweza kuizoea. Sensa ya 1991 ilionyesha kwamba takriban asilimia 90 ya Wanyarwanda walikuwa Wakristo. Mwaka 1994 Pasaka iliangukia Aprili 3, siku ambayo Wakatoliki, waliokuwa wengi kuliko waumini wa makanisa mengine yote, hurudia ahadi zao za ubatizo, wakiulizwa kama wanamkataa Shetani na kazi zake zote, nao hujibu kwamba wanamkataa. Mauaji yalianza Alhamisi ya Aprili 7. Ni siku nne tu. Waliokimbilia kanisani na waliowafuata huko na mapanga waliandikwa katika daftari moja la ubatizo, wakaimba katika kwaya moja, wakampa padri yule yule maungamo yao. Kama kukiri imani kwa mdomo kungekuwa ushahidi wa kutosha, basi hatuna neno la kuwatofautishia watu hao, na kanisa lililopoteza neno hilo limepoteza njia ya kujichunguza lenyewe.

Wiki sita baada ya Nyange, Aprili 30, 1997, katika seminari ndogo ya Buta nchini Burundi, shule ya vijana wanaoandaliwa kuwa mapadri, vijana nao waliamriwa watengane kwa makabila, nao wakakataa, na 40 kati yao wakauawa. Hawa walikuwa waseminari, wamelelewa kwa sala na ibada ya kila siku, na kwao ni vigumu kuitenga imani na kule kukataa kwao kutengana. Ninakubali kwamba hata hapo hatuoni ndani ya moyo wa mtu, na kwamba muumini dhaifu, anayejikuta hampendi jirani yake kama ipasavyo, anaweza kuvunjika moyo akipimwa kwa kipimo cha Buta. Huyo na afundishwe neema kwanza. Lakini vijana wetu wa kipaimara tunawahoji amri kumi na sakramenti saba, na mara chache sana tunawauliza wangefanya nini siku wakiamriwa kujitenga na rafiki aliyekaa nao dawati moja.