Hakuna Uhuru wa Kufikiri Kimoyomoyo

"Wanifunge mdomo, akili yangu hawaiwezi." Kauli hii nimeisikia kwa watu wengi, na husemwa kwa fahari, kana kwamba ndiyo ngome ya mwisho ya mnyonge. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliikataa mwaka 1786, na sababu aliyoitoa isibaki mikononi mwa wanafunzi wa falsafa peke yao.

Wengi humjua Kant kwa makala yake ya Desemba 1784 katika jarida la Berlinische Monatsschrift. Mchungaji Johann Friedrich Zöllner alikuwa ameuliza katika jarida hilohilo: huko kuelimika kunakoimbwa siku hizi ni kitu gani hasa? Kant akajibu kuwa ni mtu kutoka katika utoto aliojitakia mwenyewe. Utoto huo hautokani na upungufu wa akili, bali na uvivu na woga wa kuitumia bila kushikwa mkono. Kipo kitabu cha kunielewea mambo, yupo mchungaji wa kuwa na dhamiri kwa niaba yangu, yupo daktari wa kunipangia chakula. Nijisumbue ya nini?

Makala ile ni fupi na inasisimua, kwa hiyo wasomaji huishia kwenye wito wake wa kuthubutu kutumia akili yako mwenyewe na kuondoka na picha ya shujaa aliyejifungia chumbani, akiwaza makubwa peke yake. Picha hiyo inapotosha. Humohumo Kant anasema ni vigumu kwa mtu mmojammoja kujinasua. Umma ukiachiwa uhuru ndio unaoelekea kuelimika. Uhuru wenyewe ni wa kutumia akili hadharani, kama mtu anayewaandikia wasomaji. Ofisa wa jeshi atatii amri akiwa kazini, lakini asizuiwe kuandika kasoro za jeshi. Raia atalipa kodi, na bado aruhusiwe kueleza kwa nini anaiona kodi hiyo ni dhuluma.

Miaka miwili baadaye, katika makala kuhusu namna ya kujielekeza katika kufikiri, akalisema waziwazi. Watu hudai kwamba mamlaka yanaweza kutunyang'anya uhuru wa kusema na kuandika, lakini si uhuru wa kufikiri. Je, tungefikiri kiasi gani, na kwa usahihi gani, kama tusingefikiri pamoja na wenzetu, sisi tukiwapa mawazo yetu na wao wakitupa yao? Anayetuzuia kuelezana fikra, anasema Kant, ametunyang'anya na kufikiri kwenyewe.

Nimeitafakari hoja hiyo kwa muda mrefu na sijaona pa kuibomoa. Wazo lisilotamkwa halipingwi. Hakuna wa kukuambia "hapo umekosea", wala wa kukuletea jambo ambalo hukulijua. Ukikaa nalo miaka kumi, utazidi kuwa na uhakika tu. Watu walionyamazishwa hawabaki na fikra zao salama kichwani. Fikra hizo hudumaa.

Kant mwenyewe alikuja kuonja hali hiyo. Oktoba 1794, akiwa na miaka 70, alipokea amri ya Frederick William II, mfalme wa Prussia, ufalme wa Kijerumani alikoishi, ya kumkemea kwa maandishi yake kuhusu dini. Akaahidi kunyamaza juu ya dini, na akanyamaza mpaka mfalme alipofariki mwaka 1797.

Lakini ushahidi mzito zaidi umo katika kosa la Kant, na sisi Waafrika hatuwezi kuliruka. Katika kitabu chake cha 1764 alisimulia maneno ya seremala mmoja Mwafrika, kisha akasema kuwa mtu huyo alikuwa mweusi toka utosini hadi unyayoni, na hilo lathibitisha kwamba alichosema ni upumbavu. Rangi ya ngozi ikawa hoja! Wapo wanaomtetea kwa kusema alikuwa mtu wa zama zake. Katika zama hizohizo Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa eneo la Axim katika Ghana ya leo, alikuwa amekwisha kufundisha falsafa katika vyuo vikuu vya Halle na Jena tangu miaka ya 1730, na Halle ilikuwa ndani ya Prussia, ufalme uleule wa Kant.

Sisemi tumtupe Kant. Nasema tumpime kwa kipimo chake. Uhuru wa kuandika kuhusu Waafrika alikuwa nao tele. Aliowaandika ndio hawakuwa na nafasi ya kumjibu, na kwa kukosa jibu lao akili yake kubwa ikakubali jambo ambalo hata mtoto angeliona halisimami.

Anayetaka kumsoma aanze na kurasa za mwisho za makala ya 1786, kisha ndipo arudi kwenye ile maarufu ya 1784. Halafu atafute tasnifu ya Amo ya mwaka 1734 kuhusu akili na mwili wa binadamu. Aliiandika kwa Kilatini, na ipo mpaka leo.