Sawa kabatizwa, ila jumuiya itamkalisha wapi?

Novemba 2023 Vatican ilitoa majibu kwa askofu mmoja wa Brazil, Negri wa Santo Amaro, aliyekuwa kauliza kama transjenda, yaani mtu anayejitambua kwa jinsia tofauti na aliyozaliwa nayo, anaweza kubatizwa. Wakajibu anaweza, hata kama anatumia homoni au kashafanyiwa upasuaji, ilimradi isiwe makwazo kwa waamini. Kuwa baba au mama wa ubatizo wa mtu mwingine pia inawezekana, ila paroko apime kwa busara, sio haki ya kudai. Watu wakafurahi, halafu Aprili 2024 ikaja Dignitas Infinita, hati ya Vatican kuhusu utu wa binadamu, ikasema kubadili jinsia kwa kawaida kunahatarisha utu ambao mtu kapewa tangu kutungwa mimba.

Wengi wanaita ukigeugeu, mi naona msimamo ni ule ule, njoo ila kuhusu mwili wako hatukubaliani. Na hoja ipo, Mwanzo 1:27, mwili ni zawadi, ukilegeza hapo na mafundisho ya ndoa yanayumba. Sio wote wanaosema hivyo wana chuki, wengine ni wazazi wenye mtoto wa hivyo ndani ya nyumba.

Upande wa pili wanamleta yule towashi (mwanaume aliyehasiwa) Mwethiopia wa Matendo 8, Kumbukumbu 23:1 ilishamfungia nje ya kusanyiko, Isaya 56 ikamwahidi nafasi, na alipouliza ni nini kinachonizuia nisibatizwe Filipo akashuka naye majini. Kusema kweli towashi sio transjenda, hapo wanavuta kamba sana. Ila kuna kitu watu wanakipita, ile barabara ya Gaza ilikuwa jangwa, yaani hapakuwa na jirani wa kukwazika!

Sisi tuna jumuiya, vikundi vya majirani Wakatoliki wanaosali kwa zamu nyumba kwa nyumba. Hilo sharti la makwazo maana yake ufunguo wanashika majirani, na jirani hahitaji kusoma hati yoyote ili akwazike. Kule Torvaianica karibu na Roma, corona ya 2020 ilipofunga kila kitu, wanawake transjenda, wengi wa Amerika ya Kusini waliokuwa wanaishi kwa kujiuza, walienda kwa paroko kuomba chakula wakapewa, baadae wakakutana na Papa Fransisko, na Novemba 2023 wakaalikwa Vatican kwenye chakula chake na maskini. Mafundisho hayakuguswa hata nukta.

Kwa jumuiya ninazozijua mimi, mtu wa hivyo hata hafukuzwi, zamu ya kusalia kwake tu ndo haifiki.