Mshenga kanukia mbege

Januari ya Moshi haina huruma. Watu wakiona theluji ya Kibo kwenye picha wanadhani huku tunashinda na masweta. Mji wenyewe uko chini kabisa, na mchana lami inanata kwenye viatu.

Siku hiyo nilikuwa mshenga wa binamu yangu, naenda Himo. Shati jeupe, koti la kuazima. Stendi, konda anaita: "Himo, Himo, wawili tu tunaondoka!" Hao wawili walitafutwa karibu saa nzima, sisi ndani tunaiva. Dirisha langu limegoma. Namwambia konda alifungue, ananijibu: "Hilo likifunguka halifungi tena, mangi."

Mama mmoja aliyekosa siti akanitua dumu la lita kumi mapajani. "Nishikie mwanangu, ni mbege ya ubatizo wa mjukuu."

Sasa mbege ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi, na ikishaanza kuchacha haitulii: inatoa gesi muda wote. Wapishi wake wanajua, hawakazi kifuniko. Mama wa watu, kwa kuogopa isimwagike, alikuwa amekikaza kwa nguvu zote na kitambaa juu. Nikaliona dumu linaota kitambi.

"Mama, linavimba hili."

"Joto tu hilo. We shika vizuri."

Tunakaribia Kiboriloni, konda akapiga ukelele: "Trafiki! Mliosimama chuchumaeni!" Mama akashuka chini, mkono ukatafuta pa kujishikiza, ukapata dumu.

Pwaa! Kifuniko kikagonga dari, kikatua kwenye kipara cha mzee wa siti ya mbele. Mbege ikanianzia kidevuni ikaishia kwenye soksi. Ulezi hadi sikioni! Bibi mmoja nyuma yangu akalamba iliyomrukia mdomoni, akatoa hukumu: "Bado siku moja hii."

Trafiki akafungua mlango, akarudi nyuma hatua mbili. "Hili ni gari la abiria au kilabu?"

"Afande, abiria wote wamekaa," konda akajibu, na waliochuchumaa wakimwangalia afande kutoka sakafuni.

Faini ilikatwa, hilo halina mjadala. Mama naye akanigeukia mbele za watu: "Si nilikwambia ushike vizuri?"

Himo nikashuka na msafara wa nzi. Ukweni wazee walikuwa wameketi chini ya mparachichi. Mkubwa wao akavuta hewa puani, uso ukachanua. "Karibu, karibu! Huyu kijana kalelewa." Huku ananichungulia nyuma, kushoto, kulia. "Dumu umeliacha barabarani?"

Nikamsimulia yote, sikuficha hata ya sikioni. Akanisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akachukua fimbo yake na kofia.

"Na huyo mama, ubatizo alisema uko kijiji gani?"