Nimesema moja kwa moja, jamani!

Hivi ukimwambia mtu "peleka mzigo huu mwenyewe, usipitie kwa yeyote", akaitikia "sawa", kisha akaupitishia kwa jirani, utamwitaje? Mimi namwita mfumo wa mafaili.

Nimefungua faili kwa O_DIRECT, alama ya Linux ya kuomba data ipite moja kwa moja. Yaani data itoke kwenye programu iende diski, isiguse kache ya kerneli (hifadhi ya muda ndani ya RAM, inayosimamiwa na kiini cha mfumo). Nimejipanga: bafa (sehemu ya kumbukumbu inayobeba data) imeanzia mahali pake, ukubwa unagawanyika kwa 4096, hakuna hata baiti moja iliyochungulia nje. Naandika. Jibu: zimeandikwa zote. Hakuna kosa, hakuna onyo, hata kukohoa tu! Naangalia kumbukumbu ya mashine, kache inavimba kama chura.

Kumbe ext4, mfumo wa mafaili niliokuwa nautumia, iliwekwa data=journal (data yote huandikwa kwanza kwenye jarida lake), na hapo O_DIRECT ni pambo tu. Nikahamia Btrfs, mfumo mwingine wa mafaili. Faili likiwa la kubanwa, hadithi ni ile ile: unarudishwa kwenye kache kimyakimya, kama mtoto anayeondolewa sebuleni wageni wakifika.

Kuna mifumo mingine ukikosea mpangilio inakurushia EINVAL usoni, yaani kosa la "ulichoomba si sahihi". Hiyo angalau ina adabu. Ila kosa ni la bafa, la urefu au la mahali pa kuanzia? Haisemi. Piga ramli!

Nyie wenzangu mliokesha mkipima kasi ya diski, mkashangilia namba, kumbe mnapima RAM, mko wangapi? Mimi nilikuwa nimeshawatumia wakubwa grafu.